Kabla ya kununua mchoro wa kale, uliza ulikotoka

Tuseme, msomaji, ni Jumamosi asubuhi na umepata habari kwamba kuna familia mtaani Lavington inayohamia ng'ambo na inauza vyombo vya nyumba. Unafika na kukuta viti, friji, sahani na mapazia. Lakini jicho lako linavutwa na kitu kimoja ukutani: mchoro mkubwa wa rangi za mafuta, fremu yake ya dhahabu imebanduka pembeni, na rangi zenyewe zimefanya nyufa ndogondogo kama matope ya bwawa lililokauka. Mwenye nyumba anakusogelea na kukunong'onezea kwamba ulinunuliwa na babu yake Ulaya kabla ya vita, kwamba ni kazi ya bingwa fulani, na kwamba asingeuuza kama si haraka ya safari. Bei anayotaja ni karo ya mtoto wako ya mwaka mzima. Huko London, anasema, ungeuzwa mara mia ya pesa hizo.

Utafanya nini? Wengi wetu tungeukazia macho mchoro. Tungeigusa fremu, tungeitafuta sahihi pembeni, tungejifanya tunajua. Hilo ndilo kosa la kwanza, na si la watu wa Nairobi peke yao. Wataalamu waliosoma na kuzeeka katika kazi hiyo wameingia mtego uo huo, wakatoa mamilioni. Mchoro bandia hauuzwi kwa rangi zake. Huuzwa kwa hadithi yake, na ni hadithi hiyo unayopaswa kuikagua kabla hujauangalia mchoro wenyewe.

MHOLANZI ALIYEWAPIKIA WATAALAMU

Hakuna kisa kinachofundisha jambo hili vizuri zaidi kuliko kile cha Han van Meegeren, mchoraji wa Uholanzi aliyezaliwa mwaka 1889. Alikuwa na kipawa cha mkono, lakini wahakiki wa nchi yake walimwona kama mtu wa kuiga mambo ya kale asiyekuwa na jipya. Jambo hilo lilimkera. Akaamua kuwaonyesha.

Alimchagua Johannes Vermeer, mchoraji wa mji wa Delft aliyeishi kati ya mwaka 1632 na 1675. Uchaguzi huo ulikuwa wa kijanja. Vermeer aliacha kazi chache mno, thelathini na kitu tu zinazojulikana, na habari za maisha yake ni haba. Aidha, wataalamu wa wakati huo walikuwa na dhana moja waliyoipenda: kwamba katika ujana wake Vermeer alichora michoro ya Biblia, na kwamba huenda mingine bado imefichika mahali. Mzee mmoja, Abraham Bredius, aliyekuwa bingwa wa sanaa ya Kiholanzi, alikuwa ameutambua mmoja wa aina hiyo mapema katika karne ya 20. Van Meegeren hakuchora kitu ambacho Vermeer alijulikana kwacho. Alichora kile ambacho wataalamu walikuwa wakikitamani.

Kwa ufundi, mtu huyu alikuwa hatari. Alinunua mchoro halisi wa karne ya 17 usio na thamani kubwa, akaukwangua rangi ili apate kitambaa cha umri unaofaa. Alisaga rangi zake mwenyewe kwa mapishi ya zamani, hata buluu ya thamani inayotoka katika jiwe la lapis lazuli. Tatizo lake lilikuwa moja. Rangi ya mafuta huchukua makumi ya miaka kukauka hadi ndani, na mtu akiipangusa rangi changa kwa pamba yenye spiriti, huyeyuka. Van Meegeren alichanganya rangi zake na kemikali za fenoli na formaldehaidi, yaani zile zinazotengeneza bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi iliyoundiwa simu za zamani na vishikio vya sufuria. Kisha akautia mchoro ndani ya joko, kama mwokaji mikate, kwa moto wa kadiri ya nyuzi mia moja na zaidi. Ukatoka mgumu kama wa miaka mia tatu. Akauviringisha kwenye mche ili upasuke nyufa, na katika nyufa akasugua wino mweusi uonekane kama vumbi la karne nyingi.

Mchoro huo, unaomwonyesha Kristo mezani na wanafunzi wake huko Emau, ulifikishwa kwa Bredius mwaka 1937. Alikuwa na umri wa miaka 82. Aliukubali na kuusifu kwa maandishi katika jarida la heshima la Burlington Magazine. Jumba la makumbusho la Boijmans mjini Rotterdam likanunuliwa mchoro huo kwa gilda 520,000, pesa nyingi ajabu kwa wakati huo, na watu wakapanga foleni kuuangalia.

Sasa sikiliza hadithi iliyouzwa pamoja na mchoro. Ilisemekana ulikuwa mali ya familia moja ya Italia yenye asili ya Uholanzi. Jina la familia halingeweza kutajwa, kwa sababu utawala wa Mussolini ungewaadhibu kwa kutoa hazina nje ya nchi. Waona? Ni hadithi ya kusikitisha, inayoaminika, na isiyoweza kukaguliwa. Anayeuliza maswali anaonekana mtu asiye na huruma.

Na kuna waliouliza. Mawakala wa mfanyabiashara mashuhuri wa sanaa, Duveen, waliuona mchoro huo mjini Paris mwaka uo huo wa 1937, na wakapeleka simu ya maandishi New York kusema kwamba ni bandia wa kuoza. Hawakusikilizwa. Baada ya mzee Bredius kunena, nani angethubutu kumpinga?

Van Meegeren aliendelea kuchora na kuuza, na kazi zake zikazidi kuwa mbaya. (Ukiziangalia picha zake leo, nyuso zile zenye kope nzito zinafanana zaidi na waigizaji wa sinema za miaka ya 1930 kuliko watu wa Vermeer. Lakini ni rahisi kusema hivyo baada ya kuambiwa.) Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mchoro wake mmoja ulifika mikononi mwa Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, kwa thamani ya gilda milioni 1.65. Vita vilipokwisha, mchoro ulipatikana na njia yake ikafuatwa hadi kwa van Meegeren. Mei 1945 alitiwa nguvuni kwa tuhuma za kuwauzia maadui hazina ya taifa.

Hapo ndipo yalipotokea ya ajabu. Baada ya majuma kadhaa korokoroni alitoboa siri: si hazina ya taifa, mimi ndimi niliyeichora! Hakuaminiwa. Ikabidi achore mchoro mwingine kwa mtindo wa Vermeer huku akilindwa na mashahidi wakitazama. Tume ya wanasayansi ikiongozwa na Mbelgiji Paul Coremans ikazichunguza kazi zake na kukuta kemikali za bakelaiti ndani ya rangi, wino ndani ya nyufa, na katika mmoja buluu ya kobalti, rangi iliyovumbuliwa mwanzoni mwa karne ya 19, zaidi ya miaka mia moja baada ya Vermeer kuzikwa. Novemba 1947 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Hakukitumikia. Moyo ulimshinda, akafariki tarehe 30 Desemba mwaka uo huo.

SIRI YA FAMILIA

Ungedhani ulimwengu ulijifunza. La hasha!

Mjerumani Wolfgang Beltracchi alighushi kazi za wachoraji wa mwanzo wa karne ya 20 kwa miaka mingi. Hadithi yake? Kwamba babu ya mkewe alikuwa amekusanya michoro hiyo kabla ya vita na kuificha wakati wa utawala wa Hitler. Ili kuthibitisha, mkewe alivalia mavazi ya kizamani, akajifanya bibi yake mzaa mama, akapigwa picha kwa kamera ya zamani akiwa ameketi mbele ya michoro iliyotundikwa ukutani. Nyuma ya michoro walibandika vibandiko vya mkusanyo maarufu, navyo walivitengeneza wenyewe. Mchoro mmoja uliosemekana ni wa Heinrich Campendonk wa mwaka 1914 uliuzwa mnadani 2006 kwa yuro milioni 2.88. Mnunuzi alipoupeleka maabara, ilionekana ndani yake rangi nyeupe ya titani, ambayo wachoraji hawakuwa nayo mwaka 1914. Oktoba 2011 Beltracchi alihukumiwa miaka sita.

Huko New York nako, duka la sanaa la Knoedler, lililofunguliwa mwaka 1846, lilifunga milango Novemba 2011. Kwa zaidi ya miaka kumi lilikuwa limeuza michoro iliyodaiwa kuwa ya mabingwa wa Marekani kama Mark Rothko na Jackson Pollock, kwa jumla ya dola milioni 80 hivi. Mwenye michoro alisemekana kuwa tajiri asiyetaka kutajwa jina. Kumbe ilikuwa ikichorwa na mchoraji mmoja mhamiaji kutoka Uchina katika mtaa wa Queens. Mmoja ulikuwa hata na sahihi iliyokosewa herufi: Pollok badala ya Pollock. Mtoto wa shule ya msingi angeona. Lakini macho yaliyokwisha kuamini hayasomi herufi.

Mara tatu, basi, katika nchi tatu: familia isiyotajwa, babu aliyeficha, tajiri wa siri. Kila mara kuna sababu nzuri ya kutouliza. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari ndilo nusu ya mali. Mchoro wa kweli una nasaba kama mtu: ulitoka kwa mchoraji ukaenda kwa fulani, akamrithisha fulani, ukauzwa katika mnada wa mwaka fulani, ukaonyeshwa katika jumba fulani. Risiti, barua, orodha za maonyesho, picha za zamani za sebuleni, wosia. Pengo la miaka kadhaa si ajabu, hasa kwa vitu vilivyopita Ulaya ya vita. Nasaba iliyo pengo tupu ni jambo jingine.

Na hata karatasi, msomaji, usizimeze bila kutafuna. Uingereza kulikuwa na mtu aitwaye John Drewe aliyeungana na mchoraji John Myatt. Myatt alikuwa ametangaza gazetini, kwa uaminifu kabisa, kwamba anachora nakala kwa pauni 150 hivi. Drewe akazigeuza kuwa biashara ya ulaghai. Ujanja wake haukuwa katika rangi. Myatt alitumia hata rangi ya kawaida ya kupaka nyumba. Ulikuwa katika makabrasha. Drewe alijipatia ruhusa ya kuingia hifadhi za nyaraka za majumba makubwa ya London, likiwemo Tate, na badala ya kuiba alipachika. Aliingiza humo karatasi za uongo zilizoitaja michoro yake, ili mtafiti akienda kuhakiki azikute rafuni. Michoro ipatayo 200 ilitoka hivyo hadi walipokamatwa, na mwaka 1999 Drewe alifungwa miaka sita, Myatt mwaka mmoja. Kwa hiyo karatasi moja haitoshi. Itafutie mwenzake mahali pengine ambapo muuzaji hakupita.

GEUZA MCHORO NYUMA

Baada ya hadithi, sasa unaweza kuutazama mchoro. Lakini anza na mgongo wake. Mbele ndiko kulikopambwa kwa ajili yako. Nyuma aghalabu husema kweli.

Mwombe muuzaji ruhusa ya kuushusha. Kitambaa cha miaka mia mbili huwa kimeiva, kimekuwa na rangi ya kahawia isiyo sawa, cheusi zaidi pale kilipokuwa wazi na cheupe kidogo kilipofunikwa na mbao za kiunzi. Kitambaa kilichopakwa chai ili kizeeke huwa na rangi moja kila mahali, hata chini ya mbao. Tazama kilivyoshikiliwa. Misumari midogo ya chuma yenye kutu ni dalili ya uzee. Pini za stepla ni mambo ya karne ya 20. Usikimbilie kuhukumu, kwani mchoro wa kale ukichakaa huweza kuvikwa kiunzi kipya. Ila umuulize mwenyewe ni lini na nani alifanya hivyo.

Kama umechorwa juu ya ubao, angalia matundu ya wadudu. Mdudu wa mbao huingia kwa kitundu kidogo kisha hujipinda ndani. Ukiona vijia vyake vimelala wazi juu ya ubao kama mifereji, basi ubao ulipasuliwa baada ya mdudu kuula, yaani mtu alitwaa mbao za kabati kuukuu akaanza kuchora.

Halafu kuna vibandiko, mihuri ya maduka, namba za chokaa za minadani. Zinakili zote. Piga picha. Hayo ndiyo maandishi ya nasaba, na hata ya uongo yatakupa mahali pa kuanzia.

Mbele, kioo cha kukuzia cha bei nafuu kitakusaidia kuliko unavyodhani. Ukiona vidoti vidogovidogo vilivyopangika kama vya picha ya gazeti, hicho si kitu cha brashi bali cha mtambo wa kuchapisha. Karne ya 19 watu waliuziwa chapa za rangi zilizopakwa vanishi na hata kutiwa mikunjo ya brashi ili zifanane na michoro ya mafuta. Nyingi zimezeeka vizuri sana, fremu na yote, nazo huuzwa tena kama michoro. Ni za kale kweli. Lakini hazina thamani ile.

Kuna pia ile taa ya zambarau ambayo makarani wa benki na wenye maduka huitumia kukagua noti. Uzime mwanga chumbani, uimulike. Vanishi ya zamani hung'aa kijani-kijani kama ukungu, na mahali palipopakwa rangi siku za karibuni huonekana peusi. Angalia hasa sahihi. Sahihi inayoelea juu ya vanishi ya kale iliandikwa na mtu mwingine, siku nyingine. Kuchora mchoro mzima ni kazi. Kuongeza jina la bwana mkubwa kwenye kazi halisi ya mchoraji asiyejulikana ni dakika tano, na huo ndio ulaghai wa kawaida zaidi.

LUGHA YA MNADANI

Siku hizi mtu aweza kufuata mnada wa London au New York kwa simu akiwa ndani ya matatu. Basi jifunze kusoma orodha zao, maana zimeandikwa kwa uangalifu wa wakili. Jina la mchoraji likiandikwa kamili bila nyongeza, nyumba ya mnada inasema kwa maoni yake kazi ni ya mtu huyo. Likitanguliwa na neno la kuhusisha, maana yake ni huenda ikawa yake. "Karakana yake" ni kwamba ilifanyiwa kwake, pengine na wanafunzi. "Mduara wake" ni mtu wa karibu naye wa wakati wake. "Mfuasi" hakulazimika hata kumjua. "Kwa namna yake" ni kuiga kwa wakati wa baadaye, na wanaposema ni "kufuatia" fulani, hiyo ni nakala, basi. Kati ya ngazi ya juu na ya chini bei huweza kuporomoka kutoka nyumba hadi baiskeli.

Sahihi nayo ina lugha yake. Orodha ikisema mchoro "umetiwa sahihi", wanaamini ni mkono wa mchoraji. Ikisema "una sahihi", wanakukonyeza.

Nyumba kubwa kama Sotheby's na Christie's hutoa dhamana ya miaka mitano kwamba kitu si bandia, kwa masharti yaliyoandikwa. Yasome. Na ukumbuke kuna ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, asilimia 20 au zaidi, bila kutaja usafiri na ushuru wa forodha.

Je, maabara? Wanasayansi wa leo hupima rangi bila kuikwangua, hupiga eksirei kuona kilichofichwa chini, huhesabu pete za mti katika ubao wa mwaloni ili wajue uliangushwa lini. Ni mambo ya kupendeza. Lakini kumbuka jambo moja: maabara inaweza kusema mchoro si wa mwaka 1650 kwa kuwa una buluu ya Prussia iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700. Haiwezi kusema ni wa Rembrandt. Mwanafunzi wa Rembrandt alitumia rangi zilezile, kitambaa kilekile, chumba kilekile. Ndiyo maana ushahidi hutakiwa uwe wa pande tatu: nasaba, maabara, na macho ya mtaalamu asiyekula faida ya mauzo. Upande wa mwisho huo ndio unaosahaulika. Mtaalamu aliyeletwa na muuzaji ni mwenzake muuzaji.

NYUMBANI KWETU

Usidhani haya ni ya Wazungu tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, walipomdhania mhalifu anayetoroka. Ni miaka minne tu ya kazi. Alitumia rangi ya kung'aa ya baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Wanafunzi na jamaa zake wakaendeleza mtindo huo kwa fahari, ukawa jina la sanaa nzima, na leo chui na ndege wake wanauzwa kutoka Zanzibar hadi Nairobi. Huo si ulaghai. Ni riziki halali. Ulaghai huanza pale mtu anapokuletea mchoro kwenye kitambaa kipya, pembeni pameandikwa jina la mwanzilishi, na bei ya mwanzilishi. Muulize miaka minne hiyo ilitosha vipi kwa michoro yote hiyo. Na ukiupenda mchoro wa mwanafunzi wa leo, ununue kama wa mwanafunzi, kwa jina lake mwenyewe.

Upande wa pili wa shilingi nao upo. Huenda ukutani kwa shangazi kuna kitu cha kweli. Mwaka 2018 mchoro wa Mnigeria Ben Enwonwu uitwao Tutu, ambao chapa zake hutundikwa katika nyumba nyingi Nigeria, uliuzwa London kwa pauni milioni 1.2 baada ya kupatikana katika fleti ya familia isiyojua thamani yake. Mwaka uliofuata, mchoro wake mwingine, Christine, ulipata pauni milioni 1.1, familia iliyoumiliki ilianza kwa kutafuta sahihi yake kwenye intaneti. Familia hiyo ya pili ilikuwa na bahati ya pekee: mwanamke aliyechorwa alikuwa wao wenyewe, na mchoro haukuwa umetoka nyumbani tangu 1971. Nasaba isiyo na pengo hata moja.

Basi ukikuta kitu cha aina hiyo, nakuomba usikisafishe. Usikipanguse kwa kitambaa chenye maji, wala sabuni, wala ile dawa ya kienyeji ya kiazi kilichokatwa. Usibadilishe fremu. Usikubali bei ya mtu wa kwanza anayebisha hodi. Piga picha za mbele, nyuma na sahihi, uandike kila anachokumbuka shangazi, jina na mwaka, angali hai wa kusimulia. Majumba mengi ya makumbusho duniani hayatoi bei, lakini huweza kukuelekeza kwa mtu wa kuuliza. Aidha ujue sheria: chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 huweza kuhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nje bila kibali.

Mnunuzi naye ahakikishe kitu hakikuibwa. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lina orodha ya kazi za sanaa zilizoibwa, na tangu 2021 programu yake ya simu iitwayo ID-Art inamwezesha raia yeyote kuitafuta bila malipo.

Mwisho ni risiti. Isiandikwe "mchoro mmoja" kama vile ni gunia la viazi. Mtake muuzaji aandike jina la mchoraji, mwaka, vipimo, alikoupata, na kwamba akithibitishwa vinginevyo atarudisha pesa katika muda mtakaokubaliana. Aliyekuwa akilitamka jina la bingwa kwa sauti kubwa akianza kusitasita kuliandika, mpe bei ya fremu.

Na wewe mwanafunzi usiye na pesa za mambo haya, nenda maonyesho ya wachoraji chipukizi wa hapa mjini. Ukinunua kazi ndogo kwa akiba yako, mwombe msanii aandike nyuma yake jina, tarehe na mahali, mpigwe picha ninyi wawili na mchoro katikati, na uitie risiti ndani ya bahasha moja na picha hiyo. Andika kwa penseli kwenye mbao za kiunzi, si kwenye kitambaa, kwa kuwa wino hupenya hadi mbele.